Pangaboi au Kiyoyozi: Hesabu ya Ukumbi wa Watu Mia

Kaskazi inapokolea na waumini wakaanza kutoka ibadani wamelowa jasho, kamati nyingi za misikiti, makanisa na kumbi za Dar es Salaam huanza kuulizia bei ya viyoyozi. Mimi ningeanza na umeme wa LUKU.

Chukua ukumbi wa watu mia. Pangaboi la kawaida hula wati 70 hivi. Manane yakizunguka saa sita kwa siku, hayafikishi uniti tatu na nusu. Kwa shilingi 350 kila uniti, ni kama 1,200. Viyoyozi vinne vya BTU 24,000, vikivuta wati 2,200 kila kimoja kwa saa hizo hizo, vinamaliza uniti 53, yaani shilingi 18,500. Kwa siku 26 za mwezi, mapangaboi yatakula 31,000 na viyoyozi 480,000. Cha inveta hupunguza gharama, lakini ukumbi ukijaa nacho hakipumui: mtu aliyeketi tu hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo watu mia ni sawa na pasi kumi zilizoachwa zikiwaka. Joto hilo peke yake linameza nguvu ya kiyoyozi kimoja na nusu, jua la juu ya bati bado hujalihesabu.

Ni kweli pangaboi halishushi joto, linasaidia jasho kukauka tu, na chini ya bati lisilo na dari huwapulizia watu hewa ya moto. Kiyoyozi hukausha unyevu, na Machi pwani unyevu ndio hasa unaochosha.

Ila kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Hupoza ile ile iliyomo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu, na ukumbi uliofungwa kabisa hauwezi kufika huko. Kwa chumba cha kusubiri cha zahanati sioni hata haja ya mjadala. Mwenye kifua kikuu asiyejijua huketi benchi moja na mama mwenye kichanga. Madirisha yabaki wazi, mapangaboi yazunguke.

Fedha ya kwanza iende kwenye madirisha. Ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu, ya nako karibu yote. Yatazamane kwenye kuta mbili, na juu kabisa yawekwe matundu ya kutolea hewa ya moto. Kisha dari, kisha mapangaboi.

Ikibaki fedha na bado mnataka kiyoyozi, nunueni cha inveta, mkiweke kwenye nyuzi 26 pamoja na mapangaboi, na mfungue madirisha kila watu wanapopumzika. Vya mtumba vyenye gesi ya R-22 viacheni hata vikiwa rahisi: chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zinaiondoa gesi hiyo kufikia 2030, na kuijaza upya kutazidi kuwa ghali.