Mwalimu wa wahandisi: mtaji wa miaka 15

KATIKA soko la ujenzi bei ya saruji, nondo na kokoto hujulikana kila wiki. Mfanyabiashara akiona nondo zimepanda, huahirisha kumwaga zege au hutafuta muuzaji mwingine. Lakini iko bidhaa moja ambayo haina bei dukani wala haiagizwi kwa kontena, nayo ni mwalimu wa wahandisi wa chuo kikuu. Ikiadimika leo, soko halitaona kitu. Litaona baadaye, jengo likishapata ufa na kandarasi kubwa ikishakwenda kwa kampuni ya nje.

Hesabu yake ni hii. Kijana anayemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi ana miaka 23 au 24. Ili chuo cha Tanzania kimwajiri kama mkufunzi msaidizi, hutakiwa awe na wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5. Kisha atahitaji kama miaka miwili ya shahada ya uzamili na mitatu hadi minne ya uzamivu. Hapo ndipo anapokuwa mhadhiri. Kupanda hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kamili hutegemea machapisho, na kila ngazi huchukua miaka isiyopungua mitatu. Asiyekwama popote atafika akikaribia miaka 40, yaani miaka 15 baada ya kuajiriwa. Wanaokwama, wakisubiri ufadhili huku wakifundisha madarasa yaliyojaa, ndio wengi.

Mlimani ilivyoanza

Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, uhandisi ulikuwa Nairobi, sheria ikiwa Dar es Salaam na udaktari Makerere. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, Ujerumani Magharibi ya wakati huo ikiwa mfadhili mkubwa. Walimu wengi wa mwanzo walikuwa wageni. Pamoja na majengo na mitambo, mpango ulikuwa na kipengele ambacho pengine ndicho kilichokuwa na faida kubwa kuliko vyote: wahitimu bora wabakizwe chuoni, wapelekwe nje kwa masomo ya juu, kisha warudi kushika nafasi za wageni.

Sweden, iliyoanza kusaidia utafiti nchini miaka ya 1970, ilitumia njia nyingine. Mwanafunzi wa uzamivu huandikishwa Sweden lakini hugawa muda wake, miezi kadhaa kule na miezi kadhaa nyumbani, akitafiti tatizo la hapa nchini. Kwa mtazamo wa mwekezaji njia hii ina usalama zaidi. Anayekaa ughaibuni miaka minne mfululizo hujenga maisha huko, na mkataba wa kurudi kutumikia chuo ni karatasi tu ikiwa mdaiwa yuko mbali. Anayekwenda na kurudi huiacha familia, ofisi na maabara yake mahali pake.

Mshahara na mlango wa nyuma

Pigo kubwa halikutoka nje. Miaka ya 1980 shilingi iliposhuka thamani, mshahara wa mhadhiri uliyeyuka, na mwenye ujuzi wa kubuni daraja akajikuta akitafuta riziki ya pembeni. Miaka ya 1990 ikaja na masharti ya kubana matumizi, na ajira mpya serikalini zikasitishwa. Tasnia nyingine zingeweza kungoja. Kwa uhandisi, kila mwaka bila kuajiri mkufunzi msaidizi ni mwaka bila profesa miaka 15 baadaye, na pengo hilo lilionekana maprofesa wa kizazi cha kwanza walipofikia umri wa kustaafu. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa ili maprofesa wa vyuo vya umma waweze kuendelea hadi miaka 65 badala ya 60. Hatua hiyo iliongeza muda, lakini haikuongeza watu.

Jambo lililofanyika vizuri Mlimani ni kuruhusu mwalimu auze ujuzi wake kwa mlango wa mbele. Mwaka 1990 kitivo kilianzisha ofisi ya ushauri wa kitaalamu, BICO, ambayo hupokea kazi za viwanda, makandarasi na Serikali, chuo kikichukua sehemu yake na mwalimu yake. Mwenye kiwanda cha matofali au kandarasi ndogo anayepeleka sampuli zake zipimwe, mbali na kununua cheti, humsaidia mhadhiri abaki darasani asikimbilie kampuni. Ubaya wake ni kwamba ushauri hulipa haraka kuliko utafiti, na anayeshinda kwenye ushauri hachelewi kusahau kufundisha. Wakuu wa idara wanalijua hilo, ingawa si wote wanaothubutu kulisema.

Gharama ya kufungua kozi bila walimu inajulikana Kenya. Bodi ya wahandisi ilipokataa kuwasajili wahitimu wa kozi ambazo haikuzitambua, kesi ilipanda hadi Mahakama ya Upeo, iliyotoa hukumu mwaka 2018. Wazazi walikuwa wameshalipa ada miaka mitano.

Kwa upande wa Tanzania fedha mpya zimepatikana. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, na sehemu yake inasomesha wahadhiri uzamili na uzamivu katika vyuo vya umma. Ni mkopo, si zawadi, na mlipa kodi ndiye atakayeurejesha. Wakati huohuo bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilijengwa na kampuni za Misri, na reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ilijengwa na kampuni ya Uturuki. Mitambo hiyo itahitaji matengenezo kwa miongo kadhaa. Wanaosomeshwa kwa fedha za HEET, wakirudi na wakibaki, watakuwa wahadhiri waandamizi kwenye miaka ya 2030, kazi hizo zitakapokuwa zimeiva.