Leseni za programu huria katika biashara ya vifaa
Leseni za programu huria ni masharti ya hakimiliki yanayompa kila anayepokea programu ya kompyuta ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Kwa wanaouza vifaa kama simu janja, ruta na ving'amuzi, leseni hizo hupunguza gharama lakini huleta pia wajibu.

Aina za leseni
Leseni za MIT, BSD na Apache hudai hasa kwamba tangazo la hakimiliki na nakala ya leseni vitunzwe. Leseni ya GPL, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1989, humtaka pia msambazaji ampe mnunuzi msimbo chanzo pamoja na mabadiliko yake, au ahadi ya maandishi ya kuutoa. Kiini cha Linux, kilichomo ndani ya Android, kiko chini ya toleo la 2 la GPL. Asiyetimiza masharti hupoteza ruhusa yenyewe.

Mfano wa Linksys
Mwaka 2003 iligunduliwa kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilitumia Linux. Msimbo wake ulipotolewa, watu wa kujitolea waliuendeleza kuwa OpenWrt, na ruta hiyo ikaendelea kupendwa kwa miaka mingi. Mwaka 2008 Free Software Foundation iliishtaki Cisco, mmiliki wa Linksys wakati huo. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2009.

Njombe na Makambako
Nchini Tanzania programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Katika miji ya biashara kama Makambako, iliyopo kwenye njia panda ya Mbeya na Songea, maduka huuza simu za Android zilizotengenezwa nje ya nchi. Wajibu wa kutoa msimbo humwangukia kwanza mtengenezaji. Anayeagiza vifaa na kuvibandika jina lake anapaswa kudai msimbo kutoka kiwandani, kwa sababu yeye naye ni msambazaji.

Kwa mfano, fundi wa Njombe akiunda mashine za kutotolesha vifaranga kwa kutumia Arduino, anaweza kuziuza bila kulipia leseni. Maktaba za msingi za Arduino ziko chini ya LGPL: programu aliyoiandika mwenyewe inaweza kubaki siri yake, lakini lazima atoe mafaili yanayomwezesha mnunuzi kuiunganisha upya na maktaba zilizobadilishwa. Jina Arduino ni alama ya biashara, hivyo haruhusiwi kuita mashine yake kwa jina hilo.