Jicho jipya la kupima nafaka: bei itashuka, lakini mkulima ajiandae

KATIKA gulio moja la Nyanda za Juu Kusini nilimshuhudia mama mmoja akiuza mahindi gunia 40. Mnunuzi alichota kiganja kimoja, akatia punje mdomoni, akaing'ata na kutikisa kichwa.

"Shikamoo mama. Mahindi haya bado yana maji. Hii ni asilimia 18, itabidi nikate."

Mama alijitetea kwamba aliyaanika juani wiki nzima. Hakuwa na kifaa cha kuthibitisha, na mnunuzi naye hakuwa nacho zaidi ya meno yake. Mwishowe bei ilifuata meno.

Tupige hesabu ya maneno hayo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13.5, hubaki kilo 94.8. Lenye asilimia 15 hubaki kilo 98.3. Kama mahindi ya mama yalikuwa na asilimia 15 na si 18, basi kila gunia lilipunjwa kilo 3.5. Kwa gunia 40 ni kilo 140. Tukichukua mfano wa Sh600 kwa kilo, mama aliacha Sh84,000 mdomoni mwa mnunuzi.

Tumepiga kelele sana kuhusu lumbesa kwa sababu inaonekana kwa macho. Unyevu hauonekani, na ndiyo maana wizi wake haupigiwi kelele.

Mwanga usioonekana

Vipo vifaa vidogo vinavyopima unyevu kwa kutumia umeme, na kwa kazi hiyo vinatosha. Lakini maabara na viwanda vikubwa vya nafaka hutumia njia nyingine, ya mwanga wa infraredi. Huu ni mwanga ulio jirani na mwekundu ambao jicho la binadamu haliuoni. Ukitaka kuushuhudia, elekeza rimoti ya runinga kwenye kamera ya simu, kisha bonyeza kitufe. Kwa simu nyingi utaona kitaa kikimetameta, ingawa kwa macho matupu huoni kitu.

Maji, mafuta na protini kila kimoja hunyonya sehemu yake ya mwanga huo. Ukimulika nafaka na kupima mwanga unaorudi, unaweza kukokotoa kiasi cha vitu vyote vitatu kwa mara moja, ndani ya muda mfupi na bila dawa za maabara. Mmarekani Karl Norris, aliyekuwa mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya nchi yake huko Beltsville, ndiye aliyeiweka njia hii kwenye kazi ya nafaka katika miaka ya 1960.

Faida yake kwa mfanyabiashara ni wazi. Anayenunua alizeti anataka kujua mafuta yaliyomo. Anayenunua soya au mashudu ya kuku anataka protini. Leo ananunua uzito tu na mengine anakisia.

Kwa nini ni ghali

Sehemu kubwa ya gharama iko kwenye jicho la kifaa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Jicho la kamera ya simu limetengenezwa kwa silikoni na ni rahisi, lakini huona hadi urefu wa mawimbi wa nanomita 1,100 hivi. Alama kali ya maji iko karibu na nanomita 1,450, na alama nyingi nzuri za mafuta na protini nazo ziko mbele ya upeo wa silikoni. Huko hutumika mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki, ambao hukuzwa kama fuwele kwa mitambo ya gharama kubwa.

Hapa ndipo zinapoingia malighafi mpya ambazo wataalamu huziita za oganiki. Neno hili lisimchanganye mkulima, kwani halihusu mboji wala kilimo kisichotumia dawa. Maana yake ni kwamba zimejengwa kwa kaboni, kama zilivyo plastiki na rangi za nguo. Mwaka 2000 wanasayansi Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuonyesha kuwa plastiki inaweza kupitisha umeme. Skrini za simu nyingi za kisasa zinatumia malighafi za ukoo huo.

Baadhi ya malighafi hizi huyeyushwa na kupakwa kama wino, nyingine hugeuzwa mvuke na kutandazwa juu ya kioo katika tabaka jembamba sana. Hazihitaji kukuzwa kama fuwele. Mwaka 2009 kundi la Heeger lilitangaza jicho la plastiki lililoona hadi nanomita 1,450. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani, walionyesha vitambuzi ambavyo kila kimoja huchagua sehemu yake ya infraredi kulingana na unene wa tabaka lake. Ukivipanga kadhaa pamoja, unapata kipimo kidogo kisichohitaji mitambo ya kuutawanya mwanga.

Tusikimbilie kununua

Pamoja na matumaini hayo, zipo kasoro tatu ambazo mkulima na chama chake wazijue kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, malighafi za kaboni huharibiwa na hewa na unyevu, hivyo lazima zifungwe vizuri. Kifaa kisichofungwa sawasawa hakitadumu ghalani.

Pili, jicho hili hutoa umeme kidogo hata gizani, na joto huuzidisha. Umeme huo huchanganya vipimo, hasa katika mawimbi marefu tunayoyahitaji.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kifaa cha infraredi hakijui mahindi ni nini mpaka kifundishwe. Hufundishwa kwa sampuli nyingi zilizokwisha kupimwa maabara. Kikifundishwa kwa ngano ya Ulaya, kitamdanganya mkulima wa Mbozi kwa tarakimu nzuri zenye nukta, na tarakimu ni ngumu kubishana nazo kuliko meno. Vilevile, muuzaji akikuambia kifaa chake kinaona sumukuvu, mwombe uthibitisho. Kikomo cha sumu hiyo ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja, kiwango kidogo mno kuonwa moja kwa moja kwa mwanga huu.

La kufanya sasa

Vyama vya ushirika na maghala ya stakabadhi visingoje jicho jipya. Kipimo cha umeme kinaweza kununuliwa na chama kimoja na kutumiwa na wanachama wote, kikihakikiwa kila msimu kwa sampuli iliyokaushwa kwenye tanuri la maabara. Taasisi zetu za utafiti nazo zianze kukusanya sampuli za mbegu zetu, ili vifaa vya bei nafuu vikifika vikute masomo tayari.

Asiye na chama ajaribu chumvi. Chukua chupa safi ya kioo iliyo kavu, tia punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache. Acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, endelea kuanika. Isipoganda, uko chini ya hapo, ingawa huenda hujafika 13.5.

Kama mama yule angekuwa na chupa hiyo gulioni, angalau angekuwa na la kumjibu mnunuzi. Anayeshika kipimo ndiye anayepanga bei, na safari hii kipimo kisiingie sokoni kikiwa mkononi mwa mnunuzi peke yake.