Chumvi Iliyo Ndani ya Tembe za Kuongeza Damu

Tembe za kuongeza damu unazopewa kliniki zina madini ya chuma. Lakini chuma hakiwekwi peke yake. Huunganishwa na aina ya asidi ikapatikana chumvi inayoyeyuka tumboni. Hii si chumvi ya jikoni.

Tembe ya ferasi salfeti ya miligramu 200 ina chuma kama miligramu 65. Ferasi glukoneti ya miligramu 300 ina 35 tu. Kwa hivyo usibadilishe tembe kwa kutazama namba kubwa; muulize muuguzi.

Usizimeze kwa chai. Choo kikiwa cheusi, ni kawaida. Zifungie mbali na watoto. Mtoto akizimeza nyingi anaweza kufa, basi mkimbize hospitalini mara moja.