Kagua Glavu Kabla ya Kununua

Watu wengi wanapenda mchezo wa ngumi. Lakini mchezo huu una hatari. Mwaka 1988 Robert Wangila wa Kenya alipata medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki mjini Seoul. Mwaka 1994 alipigana Las Vegas, Marekani. Aliumia kichwani, akafa. Kwa hiyo vifaa vya ngumi si mapambo. Ni kinga.

Labda vijana wa kijiji chenu wamechanga fedha. Wanataka kununua glavu. Je, mtajuaje zilizo nzuri?

Wataalamu hupimaje?

Wataalamu hawategemei maneno ya muuzaji. Wao hupima. Huangusha kitu kizito juu ya glavu. Chini ya glavu kuna chombo kinachopima nguvu iliyopenya. Nguvu iliyopenya ikiwa ndogo, glavu inakinga vizuri. Kila glavu huangushiwa uzito uleule, kutoka kimo kilekile. Bila hivyo huwezi kuzilinganisha.

Jaribio hurudiwa mara nyingi. Kwa nini? Kwa sababu glavu nyingine hukinga vizuri siku ya kwanza, halafu sponji yake hulala.

Wewe utapimaje?

1. Weka glavu moja kwenye mzani. Uzito wa glavu huandikwa kwa wakia. Wakia moja ni kama gramu 28. Glavu ya wakia 10 iwe karibu gramu 280. Ya wakia 16 iwe karibu gramu 450. Kwa mazoezi ya watu wawili, wengi hutumia wakia 14 au 16.

2. Funga bendeji mkononi, kisha vaa glavu. Kunja ngumi. Mwenzako abonyeze sehemu ya mbele. Akigusa mifupa ya vidole vyako kwa urahisi, usinunue.

3. Vuta mishono, ndani na nje. Uzi ukiachia dukani, ulingoni utakatika.

4. Tazama kidole gumba. Kiwe kimeshonewa kwenye glavu. Gumba lililo huru laweza kumchoma mwenzako jichoni.

5. Funga glavu vizuri. Kifundo cha mkono kisicheze.

Usivutwe na rangi wala picha ya bingwa. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukisoma sifa za kifaa, uliza: Nani alikipima? Alikipima namna gani? Nani alimlipa?

Na kofia je?

Kofia ya ngumi hupunguza majeraha ya ngozi. Lakini ngumi ikifika, ubongo bado hutikisika ndani ya fuvu. Katika Olimpiki ya mwaka 2016 mjini Rio, wanaume walipigana bila kofia. Basi usidhani kofia inamaliza hatari. Mtu akizirai, akitapika au akichanganyikiwa baada ya kupigwa, asimamishwe mchezo mara moja. Apelekwe hospitali, hata kama anasema amepona.

Glavu nzuri hupunguza madhara. Haziyaondoi. Kagua kwanza, ndipo utoe fedha.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini wataalamu hurudia jaribio mara nyingi?
2. Kofia inakinga nini? Haikingi nini?
3. Njia hii ya kukagua mnaweza kuitumia kwa vifaa gani vingine mnavyonunua?