Kifuniko cha Mawe: Kwa Nini Gesi Haitoroki Ardhini

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2004, ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba, na tangu hapo imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme na viwanda. Lakini kabla ya kuchimbwa kisima cha kwanza, gesi hiyo ilikuwa imekwisha kukaa chini, kwa karibu kilometa mbili, kwa muda usiopimika kwa umri wa wanadamu. Gesi ni nyepesi kuliko maji, na maji ndiyo yaliyojaa katika mawe yanayoizunguka. Kwa tabia yake ingetaka kupanda mpaka hewani. Ni nini basi kilichoizuia?

Watu wengi hudhani kwamba gesi imo katika pango kubwa, kama maji yalivyo ndani ya mtungi. Sivyo. Gesi ya Songo Songo imo katika mwamba wa mchanga, ndani ya vinyweleo vilivyo baina ya chembe na chembe. Juu ya mwamba huo pana tabaka nene la mwamba wa tope, yaani tope laini la bahari lililotuama kidogo kidogo, likafunikwa na kugandamizwa hata likawa jiwe. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwamba wa tope nao una vinyweleo, na pengine vyafikia asilimia 10 ya ujazo wake au zaidi. Tofauti ni udogo wake.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon, alitangaza kanuni ya mwendo wa maji ndani ya mchanga. Kwa heshima yake kipimo cha upenyekaji, yaani wepesi wa maji au gesi kupita katika mwamba, huitwa darsi. Mwamba mzuri wa mchanga huweza kuwa na mamia ya milidarsi, yaani sehemu za elfu za darsi. Mwamba wa tope huwa chini ya huo kwa mara milioni moja, na mara nyingi zaidi ya hapo. Hata hivyo, upenyekaji mdogo peke yake hautoshi kujibu swali letu. Kupita polepole si kutopita, na miaka milioni kadhaa ni muda wa kutosha hata kwa msafiri mvivu. Mlinzi hasa ni maji yaliyomo ndani ya vinyweleo vya kifuniko.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Kata kitako cha chupa ya plastiki, kisha funga mdomo wake kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana. Kitambaa kikiwa kikavu, didimiza chupa ndani ya ndoo ya maji, upande uliokatwa ukiwa chini: hewa itatoka juu kupitia kitambaani, na maji yatapanda ndani ya chupa. Sasa lowesha kitambaa, urudie. Hewa itakwama. Utalazimika kudidimiza chupa zaidi ndipo mapovu yaanze kuchomoza. Matundu ya kitambaa ni yale yale; kilichoongezeka ni maji, ambayo kwa mvutano wa uso wake hukataa kusukumwa.

Kanieneo inayohitajika ili kuyasukuma maji hayo hupatikana kwa kuzidisha mvutano wa uso kwa mbili, kisha kugawanya kwa nusu kipenyo cha tundu. Tuchukue mvutano wa nyutoni 0.04 kwa meta, na tundu lenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya laki moja ya milimeta. Jibu ni paskali 8,000,000, karibu mara 80 ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Nayo gesi husukuma juu kwa paskali 9,000 hivi kwa kila meta ya kimo chake. Kwa hiyo kifuniko cha namna hii chaweza kuzuia gesi yenye kimo cha karibu meta 900. Mwalimu na abadili ukubwa wa tundu, awaachie wanafunzi hesabu.

Kifuniko kina maadui. Gesi kidogo huyeyuka katika maji na kupenya pole pole, ingawa kuvuka meta mia moja za tope kwa njia hiyo huchukua mamilioni ya miaka. Adui mkubwa zaidi ni ufa. Tope laini na chumvi hunyumbuka ardhi ikisogea, bali mwamba mkavu na mgumu hupasuka. Tena yuko binadamu na kekee yake. Huko Aliso Canyon, karibu na Los Angeles, gesi huhifadhiwa katika miamba iliyokuwa na mafuta. Kuanzia Oktoba 1015 + 1000, yaani 2015, hadi Februari 2016 zilivuja karibu tani 100,000 za methani. Mwamba haukuwa na kosa. Bomba la kisima lilikuwa limeliwa na kutu.

Swali la ufa lina uzito wa pekee katika bonde la Rukwa. Mwaka 2016 wanasayansi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza dalili za akiba kubwa ya heliamu huko. Gesi hii, inayohitajika katika mashine za hospitali za kupiga picha za mwili kwa sumaku, huzaliwa na urani na thori zinapooza ndani ya miamba ya kale, na joto la Bonde la Ufa huifungua. Atomu zake ni ndogo mno, hivyo hupenya upesi kuliko methani. Nguvu zile zile zilizoifungua ndizo zilizoipasua ardhi, na chemchemi za moto za huko hutoa mapovu yenye heliamu. Mapovu hayo ni shahidi wa pande mbili: yasema kwamba gesi iko, na yasema pia kwamba mahali hapo kifuniko kimetoboka. Kiasi kilichobaki chini ya tabaka za tope zisizo na ufa hakiwezi kujulikana kwa kutazama chemchemi; ndiyo sababu ya kuchimba visima.