Mama Anaposafiri Peke Yake kwa Pikipiki

Siku hizi si ajabu kumwona mwanamke akiendesha pikipiki. Muuguzi huiendesha kwenda zahanati, mwalimu kwenda shuleni, bibi shamba kuwazungukia wakulima wake. Lakini akitokea mama akasema, "Mwezi ujao natoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa pikipiki, tena peke yangu," nyumba nzima hunyamaza. Mume hutazama chini. Mama mkwe hushika tama. Watoto ndio huuliza wazi: "Je, mama, ukianguka?"

Hatukuandika makala hii kumkataza mama huyo, wala kumpigia makofi kisha tumwache aende zake. Tunaona swali la watoto ni swali zuri. Mtu anayesafiri na wenzake akianguka, wenzake humwinua. Anayesafiri peke yake akianguka, huinuliwa na yale aliyoyapanga kabla ya kuondoka. Kwa hiyo maandalizi ya safari kama hii si kununua vitu tu. Ni kuhakikisha kwamba, ingawa mama yuko peke yake barabarani, wapo watu wanaojua yuko wapi.

Wako waliotangulia

Bessie Stringfield, mwanamke mweusi wa Marekani, alianza kusafiri peke yake kwa pikipiki katika nchi yake miaka ya 1930. Husimuliwa kwamba nyumba za wageni zilipomkataa kwa sababu ya rangi yake, alilala juu ya pikipiki kwenye kituo cha mafuta, koti lake likiwa mto juu ya usukani. Alifariki mwaka 1993, na mwaka 2002 jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya waendesha pikipiki wa Marekani.

Elspeth Beard, Mwingereza aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo, aliondoka London mwaka 1982 akaizunguka dunia kwa BMW iliyokwisha kutumika. Alirudi mwaka 1984. Alipofika Sydney, Australia, alisimama miezi kadhaa, akafanya kazi kupata fedha, na huku akajitengenezea masanduku ya alumini ya kubebea mizigo. Katika nchi hiyo hiyo alipata ajali mbaya akalazwa hospitali. Alipopona, aliendelea.

Akina mama hawa tunawakumbuka kwa ushujaa wao. Lakini Beard hakuvuka dunia kwa ushujaa mtupu. Alijua wakati wa kusimama, akafanya kazi, akatengeneza kilichopungua.

Kwanza, zungumza na wa nyumbani

Usiwaambie siku ya mwisho. Kaa nao mapema, na kama mumeo ana hofu, mwulize anaogopa nini hasa. Huenda ni malori, huenda ni giza, huenda ni pikipiki kuharibika porini. Hofu ikitajwa kwa jina lake huweza kujibiwa: hutasafiri usiku, umejifunza kuziba pancha, na kadhalika. Hofu isiyotajwa hubaki kuwa ugomvi.

Kisha andikeni karatasi moja, nakala mbili. Moja ibaki nyumbani, nyingine uwe nayo mfukoni mwa koti, si kwenye mzigo. Iwe na namba ya pikipiki, njia utakayopita, mahali utakapolala kila siku na namba ya simu ya mwenyeji wako. Andika pia ugonjwa ulio nao, dawa unazotumia na zile zinazokudhuru. Anayekuokota barabarani hakujui. Karatasi ndiyo itakayosema kwa niaba yako.

Patana nao saa za kupiga simu: asubuhi kabla ya kuondoka, mchana unapokula, na jioni ukifika. Kuna sehemu mtandao hupotea, kwa hiyo kimya cha saa moja au mbili si msiba. Lakini amueni pamoja: ukipitisha saa ngapi ndipo waanze kukutafuta? Nani apigiwe kwanza? Yafaa waanze na mwenyeji anayekungojea, kisha yule uliyelala kwake jana, kisha polisi kwa namba 112. Mambo haya yakiandikwa, hakuna atakayekimbia huku na huku akilia bila kujua la kufanya.

Usisahau nyumba yenyewe. Fedha za matumizi, kadi ya matibabu ya watoto, na jina la jirani au dada atakayewaangalia, vyote viwe tayari. Mama mwenye wasiwasi wa nyumbani haangalii vizuri barabara.

Pili, ijue pikipiki yako

Huhitaji pikipiki kubwa. Zile tulizozoea, za sisi 125 au 150, zinafika Mbeya vizuri zikitunzwa. Kinachohitajika ni kuifahamu.

Wiki mbili kabla ya safari, ipeleke kwa fundi unayemwamini, nawe usimame hapo utazame. Abadilishe oili ya injini. Akague breki za mbele na za nyuma, mnyororo na spoketi zake, plagi, waya wa klachi, betri na taa zote. Tairi iliyokwisha meno ibadilishwe huku mjini. Wiki hizo mbili zitakusaidia, kwa sababu kifaa kipya kikiwa na kasoro, kasoro hiyo itajitokeza karibu na nyumbani.

Kisha mwombe fundi akufundishe kazi tatu: kutoa tairi na kuziba tyubu, kukaza mnyororo, na kubadilisha plagi. Usiridhike kwa kutazama. Zifanye kwa mikono yako, angalau mara mbili kila moja. Ukifungua tairi la nyuma kwa mara ya kwanza ukiwa porini, jua linazama, utajuta.

Katika mfuko wa vifaa weka spana zinazoingia kwenye nati za pikipiki yako, koleo, bisibisi, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, viraka na gundi yake, tyubu moja ya mbele na moja ya nyuma, plagi, waya wa klachi, fyuzi, balbu, tochi na kichupa cha oili ya mnyororo. Mnyororo upakwe oili kila baada ya kilometa 500 hivi, na upesi zaidi ukinyeshewa.

Kuhusu petroli, tuseme tangi lako linachukua lita 11, na kila lita inakwenda kilometa 40. Kwa hesabu hiyo utafika kilometa 440. Lakini mzigo, upepo na milima hupunguza hesabu hiyo. Kanuni rahisi ni hii: tangi likifika nusu, jaza kwenye kituo kinachofuata.

Tatu, mwili nao ni chombo

Helmeti si ya kumwogopa trafiki. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini lazima ikubane na ufungwe mkanda wake. Hapa akina mama tuangalie nywele zetu. Misuko minene huinua helmeti ikakaa juu juu kama sufuria juu ya mafiga. Suka kwanza, tena suka bapa, ndipo ujaribu helmeti.

Vaa koti zito la mikono mirefu, glavu, suruali ngumu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Ukipenda kuvaa gauni ukifika, lifunge kwenye mzigo. Khanga mbili zisikose: moja itakuwa shuka, nyingine pazia la kujisitiri njiani. Wakati wa hedhi, kadiria mahitaji yako ya safari nzima ukiwa nyumbani.

Wanawake wengi hukwepa kunywa maji safarini ili wasitafute choo. Hilo ni kosa. Jua na upepo hukausha mwili, kichwa huanza kuuma, na macho huchelewa kuona hatari. Kunywa maji, usimame kila baada ya saa moja au kilometa 80, shuka, nyoosha mgongo. Ukiona umesahau kijiji ulichopita sasa hivi, umechoka tayari.

Nne, igawe njia

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Mabasi huzimaliza kwa siku moja, lakini wewe huna dereva wa kukupokea. Gawa siku tatu au nne. Siku ya kwanza ishia Morogoro, kilometa 190 hivi. Siku ya pili fika Iringa, zaidi ya kilometa 300. Kutoka Iringa unaweza kwenda moja kwa moja hadi Mbeya, au ulale Makambako ukiona mwili umechoka.

Siku ya Iringa ndiyo inayohitaji akili zaidi. Baada ya Morogoro barabara huingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kupita ndani yake kilometa 50 hivi. Hapo tembo, nyati na twiga huvuka barabara. Ingia ukiwa umejaza petroli, pita mchana kweupe, fuata vibao vya mwendo, wala usisimame kupiga picha. Mbele, baada ya Ruaha Mbuyuni, unapanda mlima Kitonga wenye kona nyingi na malori yanayojikokota. Kaa nyuma ya lori kwa subira. Usilipite kwenye kona hata kama wenzako wanalipita.

Chagua pia majira. Masika ya Machi hadi Mei hufanya barabara iteleze. Juni na Julai ni kukavu, lakini baridi ya Iringa na Makambako hugandisha vidole mpaka breki ikawa shida kushika. Agosti hadi Oktoba ni afadhali.

Kila siku ondoka alfajiri kukishapambazuka, na uwe umefika saa kumi jioni. Chagua nyumba ya wageni yenye uzio na mlinzi, pikipiki ilale ndani. Mtu usiyemjua akikuuliza unakwenda wapi peke yako, mjibu kwa adabu kwamba unasubiriwa. Kwa kuwa umeshapanga na mwenyeji wako, jibu hilo litakuwa la kweli.

Tano, jaribu kwanza

Wiki moja kabla ya safari, funga mzigo wote kama utakavyokuwa, uende Bagamoyo na kurudi. Mizigo mizito ikae chini na katikati, pande zote mbili zilingane uzito. Utagundua kamba inayolegea, koti linalobana, na vitu usivyovihitaji. Ukirudi, punguza mizigo yako.

Ruhusa ya kurudi

Kuna jambo moja la mwisho, nalo halibebwi kwenye mfuko wa vifaa. Kabla hujaondoka, mwambie mwenzi wako na watoto hivi: nikiona mvua kubwa, nikiumwa, au pikipiki ikinipa mashaka, nitasimama au nitarudi, na nyumbani hapa mtu asinicheke. Wengi wameumia si kwa sababu hawakuiona hatari, bali kwa sababu waliona aibu kurudi baada ya kuagwa na mtaa mzima.

Familia ikikupa ruhusa hiyo kwa moyo mweupe, imekupa kitu kinachozidi spana na tyubu. Sala ya kuagana ni njema, nasi tunawaombea heri wote wanaosafiri. Lakini mkiisha kusema amina, piga magoti tena kidogo, upime upepo wa tairi.